Unaweka AC kwa keja? Cheki vile waya inafaa kupita

Joto ya Mombasa ni noma, lakini usikubali AC ichomekwe kwa soketi moja na friji. Inavuta stima masaa mob, na waya nyembamba itachemka hadi ganda liyeyuke. Ipe laini yake kutoka kwa breka.

AC ya 12,000 BTU huwa fiti na waya za 2.5 mm² na breka ya 20A. Zima meni swichi, funga paipu ya PVC ya mm 20 ukutani, kona ziwe chache, alafu vuta waya zote tatu pamoja: kahawia laivu, buluu nyutro, kijani na njano ya ardhi. Kuunga waya ndani ya paipu ni kujitafutia moto.

Fundi naye awe na leseni ya EPRA.