Kabla Uadilifu Haujawa Fomu

Ukitafuta kazi serikalini, uadilifu ni bahasha. Ndani yake kuna karatasi ya KRA, ya HELB, ya CRB, ya EACC, na cheti cha tabia njema cha polisi, kile cha kuchukuliwa alama za vidole. Tunaziita stakabadhi za Sura ya Sita, na si wengi wetu huuliza neno lenyewe lilitoka wapi.

Mzizi wake ni wa Kiarabu, adl. Ndugu yake mmoja, idl, ni mzigo wa upande mmoja wa mnyama, unaolingana na ule wa upande wa pili. Ukishaona punda wa Lamu akibeba mchanga kwa shogi, huhitaji kamusi. Upande mmoja ukizidi, safari haiendi.

Sheria ya Kiislamu ililichukua neno hilo na kumvika shahidi. Mbele ya kadhi, kuona tukio hakutoshi. Sharti shahidi awe adili. Na hakujitangaza mwenyewe. Waliomjua ndio walioulizwa: hutimiza ahadi? Hurudisha amana? Hapa ndipo ninapolipenda neno hili. Kabla mtu hajasema juu ya wengine, wengine walisema juu yake. Shaaban Robert alipompa shujaa wake jina hilo katika Adili na Nduguze, 1952, alikuwa amempa mzigo mzito.

Halafu ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 73 kinasema mamlaka ya afisa wa serikali ni dhamana ya umma. Kadhi angesema amana, na angeelewa mara moja. Lakini hebu songa hadi kifungu cha 99. Aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi hafai kuwania ubunge, ila hazuiwi mpaka njia zote za rufaa ziishe. Na rufaa za huku si unazijua. Kwa hivyo mheshimiwa mwenye kesi anajaza fomu, anajijibia mwenyewe maswali kuhusu uadilifu wake, anatia sahihi, anapanda jukwaani. Wewe na deni lako la HELB bado mko kwa foleni.

Ati mtu hana hatia hadi ithibitishwe. Sawa, kwa mambo ya jela. Lakini shahidi aliyekataliwa na kadhi hakufungwa wala hakutozwa faini. Aliambiwa tu akae kando, akarudi dukani kwake, akaendelea kuuza.