Mvulana, Mama Mdogo na Mnara

Wengi wetu hudhani kuwa filamu ya katuni ni mchezo wa kuwachekesha watoto tu. Katika makala haya tutaitazama filamu moja ya Kijapani isimuliayo msiba na kukua, tuone jinsi historia ya nchi na maisha ya mtunzi yalivyoizaa.

Mtunzi ni Hayao Miyazaki, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1941, mwaka ule ule Japani ilipoingia vitani na Marekani. Baba yake alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha jamaa zao kilichotengeneza vipuri vya ndege za kivita. Familia ilihamia Utsunomiya, mji ambao nao uliteketezwa kwa mabomu Julai 1945. Baada ya vita mama yake aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, akawa mgonjwa kwa miaka mingi.

Filamu ilitoka Julai 2023, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2024. Jina lake la Kijapani, lenye maana ya “Ninyi Mtaishije?”, limeazimwa kutoka kitabu cha vijana cha Genzaburo Yoshino cha mwaka 1937. Hata hivyo, hadithi ni nyingine. Kitabu hicho huonekana tu pale shujaa anapokikuta, zawadi aliyowekewa na marehemu mama yake, akakisoma huku akitokwa na machozi.

Shujaa huyo, Mahito, anafiwa na mama katika moto wa hospitali mwaka wa tatu wa vita. Baba, mwenye kiwanda cha ndege, anamwoa Natsuko, mdogo wa marehemu, nao wanahamia shamba. Hapa mwalimu wa Kiswahili atatua kidogo. Lugha yetu ingemwita Natsuko “mama mdogo” hata kabla ya ndoa, na neno lenyewe lingekwisha kumwandalia nafasi. Mahito humwita kwa jina lake, kwa adabu isiyo na upendo. Akisha kupigana na wenzake wa shule, anajipasua kichwa kwa jiwe.

Korongo mwenye kusema anamdanganya kuwa mama yake yu hai. Natsuko, naye ni mjamzito, anapopotea, Mahito anamfuata ndani ya mnara wa kale, katika ulimwengu wa ajabu. Huko, katika chumba cha uzazi, ndipo anapomwita “mama” kwa mara ya kwanza. Mzee wa ukoo anamtaka arithi ulimwengu ule na kuujenga upya pasipo uovu. Mahito anakataa, akionyesha kovu lake: ndilo alama ya uovu wake mwenyewe.

Msichana Himi aliyemsaidia ni mama yake angali mtoto. Anapoonywa kwamba atakufa motoni, anachagua kuurudia wakati wake, kwa kuwa ndiko atakakomzaa Mahito.

Wahenga walisema: maji yakimwagika hayazoleki. Mahito hamrudishi mama yake duniani. Anarudi na mama mdogo, katika nchi ingali vitani. Nasi walimu, ambao madarasani mwetu hamkosi mtoto aliyefiwa, tusimharakishe kusahau. Mahito hakusahau, alipata tu mtu mwingine wa kumwita mama.