Historia ya Nguo za Mtumba

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na kitabu chake mbele yake. Leo historia yetu ni ya kitu kilicho karibu sana nawe, yaani shati au gauni ulilovaa.

Huenda ulilinunua sokoni, kwenye mitumba. Kama ndivyo, mtu mwingine alilivaa kwanza, ng'ambo ya bahari. Mtumba ni mzigo wa nguo uliofungwa, yaani robota. Wauzaji huuita belo. Jina la mzigo limekuwa jina la nguo zenyewe. Zamani ziliitwa pia "kafa Ulaya", kwa kuwa watu walidhani ni nguo za Wazungu waliokufa. Sivyo. Nyingi hutolewa na watu walio hai waliozichoka. Watu wa Ulaya na Amerika huvipa vyama vya kusaidia maskini, navyo huziuza kwa makampuni. Makampuni huzichagua, huzifunga na kuzipakia melini. Basi kilichotolewa bure huko, kwetu hufika kikiwa na bei.

Sasa turudi nyuma. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ya Tanzania ilitaka pamba yetu ifumwe hapa hapa nchini. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Mwanza nako kulikuwa na kiwanda cha Mwatex. Ili kuvilinda viwanda hivyo, biashara ya kuingiza nguo kuukuu ilikatazwa.

Lakini baada ya vita ya Kagera, ya mwaka 1978 hadi 1979, fedha za kigeni zilipungua sana. Viwanda vilikosa vipuri, na nguo zikawa adimu madukani. Waulizeni wazee wenu, watawasimulia habari za foleni za kununua doti ya khanga. Wakati huo mitumba ilipitishwa mipakani na kuuzwa kwa siri. Sheria ilikuwapo, lakini watu walihitaji kujisitiri. Katazo peke yake halimvishi mtu.

Mwaka 1984 Serikali ilianza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa. Mwaka 1985 Rais Ali Hassan Mwinyi aliingia madarakani, na mlango ukazidi kufunguka. Mitumba ikatoka mafichoni. Leo yauzwa mchana kweupe, Karume huko Dar es Salaam, Memorial huko Moshi, na Mlango Mmoja huko Mwanza.

Je, twapata faida au hasara? Tufanye hesabu. Tuseme shati jipya ni shilingi 15,000, na la mtumba ni shilingi 5,000. Mama anunuaye mashati 3 ya mtumba huokoa shilingi 30,000. Hizo zatosha kununua madaftari ya watoto. Faida hiyo ni ya kweli, wala si aibu.

Hasara nayo ipo. Baadhi ya mashati ya mtumba yalichukua nafasi ya mashati ambayo viwanda vyetu vingeyauza. Hata hivyo tusiitwike mitumba lawama yote. Mitambo ilichakaa, umeme ulikatika, na nguo mpya za bei ndogo zikaja kutoka Asia.

Mwezi wa Machi mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba kidogo kidogo. Marekani ikaonya kwamba nchi zitakazofanya hivyo zaweza kupoteza nafasi ya kuuza bidhaa zao kwake bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia. Ilikuwa imekwisha kupandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikaiondolea Rwanda nafasi hiyo kwa upande wa nguo.

Ndugu mwanafunzi, mambo ya ushuru huamuliwa na serikali. Lakini ukiinama juu ya lundo la nguo sokoni, mwamuzi ni wewe. Geuza nguo ndani nje. Tazama kwapa, mishono, zipu na vifungo. Ikihitaji fundi, ongeza ujira wake katika bei kabla hujalipa. Usinunue nguo za ndani zilizotumika, maana zimekatazwa kwa ajili ya afya. Nguo nyingine zifue kwanza, ndipo uvae. Na usiyoihitaji, hata ikiwa rahisi, iache. Kununua usichohitaji si kuokoa fedha.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini nguo kuukuu zilikatazwa zamani?
2. Kwa nini watu waliendelea kuzinunua?
3. Kama ungekuwa mshauri wa serikali, ungetaka kifanyike nini kwanza kabla ya kuikataza mitumba tena?

Andikeni majibu katika madaftari yenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.