Mshale Mdogo, Historia Ndefu

Mshale unaokaa kwenye kona ya baadhi ya ikoni za Windows, alama ya njia ya mkato ya kufikia faili lililoko kwingine, ulianza kuonekana Agosti 1995, Windows 95 ilipoingia sokoni. Apple ilikwisha kutangulia kwa System 7 ya mwaka 1991, ambayo majina ya njia zake za mkato yaliandikwa kwa herufi za mlazo. Wazo lenyewe ni kongwe zaidi. Mwaka 1965, R. C. Daley na P. G. Neumann walieleza, katika mpango wa mfumo wa Multics, jinsi faili linavyoweza kufikiwa kutoka folda nyingine bila kunakiliwa.

Unix, iliyozaliwa Bell Labs miaka michache baadaye, ilishika njia yake. Humo faili moja liliweza kupewa majina mawili yenye hadhi sawa. Ukifuta moja, data inabaki chini ya la pili. Mbinu safi, ila jina la diski hii halikuweza kushika faili la diski ile. Jibu lilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika 4.2BSD ya mwaka 1983: kiungo cha ishara, kijifaili kilichobeba anwani tu ya faili jingine. Programu ikikifungua, kiini cha mfumo endeshi huifuata anwani hiyo kimyakimya, na programu haina habari. Viungo viwili vikielekezana, mzunguko usingekoma; kwa hiyo Linux hukataa kuendelea baada ya kuvuka viungo 40.

Njia ya mkato ya Windows haina hadhi hiyo ya kufuatwa na kiini. Ni faili la kawaida lenye kiambishi .lnk, linaloeleweka na programu inayochora ikoni na folda kwenye skrini. Programu nyingine ikilisoma moja kwa moja hukuta yaliyomo ndani ya .lnk, basi. Mwaka 2010 kirusi Stuxnet kilitumia kasoro katika uchoraji huo: kufungua tu folda ya flashi na kuziona ikoni zake kulitosha kuambukiza kompyuta.

Microsoft ilileta viungo vya ishara katika Windows Vista, mwaka 2007, kwa amri ya mklink. Ilichelewa mno, na watumiaji wengi hawajawahi kuiandika amri hiyo.

Wao wanaujua mshale, na mshale huwaumbua steshenari. Mwanafunzi anachomeka flashi achapishe ripoti. Ikoni ya Word ipo, jina lipo, ukubwa ni kilobaiti 2. Ripoti imebaki nyumbani. Ukiona mshale kwenye flashi yako, rudi ukanakili faili lenyewe kabla hujatoka.