Historia ya Hesabu 4,294,967,297

Miongoni mwa hesabu zilizojipatia historia yake zenyewe imo hii: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, na mia mbili tisini na saba. Kwa zaidi ya miaka tisini ilidhaniwa kuwa ya jamii isiyokuwa yake.

Hesabu iliyo kubwa kuliko 1 huitwa tasa ikiwa haigawanyiki pasipo salio ila kwa 1 na kwa nafsi yake. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse katika Ufaransa, alizitazama hesabu zinazozaliwa kwa kanuni moja: ishikwe 3, itolewe 1, salio lizidishwe kwa lenyewe, kisha iongezwe 1. Hivyo hupatikana 5. Na kwa kuirudia kanuni hiyo hupatikana 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa. Mwaka 1640 Fermat aliandika kwamba aliamini hesabu zote za ukoo huo ni tasa, ingawa alikiri kuwa hakuwa na uthibitisho kamili. Ifuatayo baada ya 65,537 ndiyo 4,294,967,297.

Kuipima hakukuwa kazi nyepesi. Kipeuo chake cha pili huzidi 65,536 kwa kiasi kidogo mno, na chini ya hapo zimo hesabu tasa 6,542. Mwenye kuigawanya kwa moja moja, kwa kalamu na wino, angalichoka kabla ya kufika mwisho. Kwa hiyo neno la Fermat lilisimama kwa heshima ya jina lake.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler, aliyekuwa St Petersburg katika Urusi, kumwuliza juu ya dai hilo. Mwaka 1732 Euler alitoa jibu: hesabu hiyo ni 641 mara 6,700,417. Baadaye alithibitisha kwamba kigawo tasa cho chote cha hesabu hiyo, kikigawanywa kwa 64, sharti kibakize 1. Kwa mizani hiyo vya kujaribiwa huwa vichache: 193, 257, 449, 577, na cha tano ni 641 yenyewe.

Basi hesabu hiyo ikahamishwa jamii. Si tasa, ina vigawo vinne, navyo ni 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Tena, kwa mpango wa Wayunani wa kale, ni pungufu, maana vigawo vyake vilivyo chini yake vikijumlishwa hutoa 6,701,059 tu, hali hesabu kamili, kama 6, hulingana na jumla ya vigawo vyake.

Ukoo wenyewe haukupoteza thamani. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss alionyesha kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake, na siri ya jambo hilo imo katika hesabu tasa za Fermat. Lakini tasa ya sita haijapatikana mpaka leo. Hesabu 28 zifuatazo zile tano za kwanza zimethibitika zote kuwa zagawanyika. Mifano mitano ilitosha kumshawishi mjuzi mkubwa. Kigawo kimoja kilitosha kulivunja dai lake.