Mwavuli wa NGO Kenya: Ulivyoshonwa, Ulivyochanika

Mwishoni mwa mwaka 1989, Wangari Maathai alipewa saa 24 kuondoka katika jengo la serikali jijini Nairobi lililokuwa ofisi ya shirika lake la kupanda miti, Green Belt Movement. Kosa lake lilijulikana. Alikuwa amepinga mpango wa chama tawala, KANU, wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Akabeba meza na faili, akazihamishia nyumbani kwake mtaa wa South C. Kwa miaka iliyofuata, kazi ya kuwalipa akina mama waliopanda miti vijijini ilifanyikia hapo, sebule ikiwa ofisi.

Mradi wa ghorofa uliachwa baada ya wafadhili kuukwepa. Lakini serikali ilikuwa imeona jambo lililoitia wasiwasi: shirika dogo, lenye fedha zake na marafiki wake nje ya nchi, linaweza kuipinga hadharani na lisianguke. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Uratibu wa NGO (mashirika yasiyo ya kiserikali) ya 1990, na hapo ndipo inapoanzia historia ya mwavuli wa umoja ambao mashirika ya Kenya yamekuwa yakiushona na kuuchana hadi leo.

Si kwamba kabla ya hapo watu hawakujiunga. Harambee, yaani michango ya wananchi, ilijenga shule na zahanati nyingi tangu uhuru. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianza 1952. Baraza la Kitaifa la Wanawake, ambalo Green Belt ilizaliwa ndani yake mwaka 1977, lilianza 1964. Shida ni kwamba katika miaka ya themanini chama tawala hakikupenda kuona kikundi kikubwa kisichokuwa mkononi mwake. Chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu kilipigwa marufuku 1980. Maendeleo ya Wanawake kiliunganishwa na KANU 1987. Chama cha wenye matatu kilifutwa 1988. Kila aliyesoma magazeti alijua zamu inayofuata ni ya nani.

Ndiyo maana sheria ya 1990 ilisomwa kwa makini, kifungu baada ya kifungu. Kwa juu ilionekana nzuri. NGO, ambazo hadi hapo zilisajiliwa huku na huku, nyingine kama vyama, nyingine kama kampuni au amana, zingepata mlango mmoja. Kungekuwa na Bodi ya serikali ya kusajili, na Baraza la mashirika yenyewe la kuandaa kanuni za maadili na kuzisimamia. Shida ilikuwa katika vifungu vidogo. Cheti cha usajili kingedumu miezi 60 tu, kisha shirika lirudi kuomba upya. Bodi ingeweza kufuta usajili, na aliyeonewa angekata rufaa kwa waziri, ambaye neno lake lingekuwa la mwisho. Kwa shirika linalochimba visima au kutunza yatima, maana yake ilikuwa kwamba mradi wa miaka kumi ungesimama juu ya karatasi ya miaka mitano.

Ni sheria hii iliyoyafundisha mashirika kukaa meza moja. Mengi hayakuwa na mazoea hayo, kwa kuwa yaligombania wafadhili walewale na baadhi yalikuwa na ofisi kubwa kuliko miradi. Sasa yaliunda mtandao, yakachagua kamati, yakatafuta mawakili wa kuichambua sheria na kuandika kifungu mbadala kwa kila kifungu kilichowatisha. Hawakukataa kusimamiwa. Walikwenda kwa wizara husika wakiwa na maandishi mkononi, na wakati huohuo wakawaeleza wafadhili kwamba fedha zao za maendeleo zitapita katika sheria hiyo.

Wakati nao uliwasaidia. Mnamo Novemba 1991 nchi wafadhili ziliposimamisha misaada mipya kwa Kenya, serikali ya Rais Moi ilianza kulegeza mambo mengi. Desemba hiyohiyo kifungu cha 2A kilichofanya KANU kuwa chama pekee kiliondolewa katika katiba. Sheria ya NGO nayo ilirekebishwa: ukomo wa miezi 60 ukatolewa, mlango wa kwenda Mahakama Kuu ukafunguliwa kwa asiyeridhika na uamuzi wa waziri, na viti vya mashirika ndani ya Bodi vikaongezwa. Sheria ilianza kutumika 1992 ikiwa na meno machache kuliko ilivyozaliwa. Mwaka 1995 Baraza la Kitaifa la NGO likapata kanuni zake za maadili zenye nguvu ya sheria.

Hapo mwavuli ukawa umekamilika: jina, ofisi, wanachama na kanuni. Na hapo ndipo ulipoanza kuchanika.

Baraza liliwekwa na sheria, na kila NGO iliyosajiliwa ilihesabiwa mwanachama, itake isitake. Uanachama wa namna hiyo una udhaifu wake. Mtu aliyeingizwa chamani kwa nguvu ya karatasi haoni sababu ya kulipa ada, na asiyelipa ada haji mkutanoni, na mkutano usio na watu hutekwa na wachache wenye nia ya uongozi. Serikali ilipobadilika mwaka 2002, wengi waliokuwa uti wa mgongo wa utetezi waliingia serikalini au wakaona vita vimekwisha. Katika miaka iliyofuata Baraza lilijulikana zaidi kwa migogoro ya uongozi: makundi yanayodai ofisi moja na kesi mahakamani. Mashirika makubwa yakajitenga kimyakimya, yakaendelea na shughuli zao kana kwamba Baraza halipo.

Baada ya katiba mpya ya 2010, asasi za kiraia ziliamua kushona upya. Safari hii kazi haikufanywa na Baraza. Ilifanywa na muungano wa hiari uliojulikana kama CSO Reference Group, ulioundwa 2009, usio na kifungu chochote cha sheria kinachomlazimisha mtu kuwa ndani. Muungano huo ulisaidia kuandaa mswada, ukazunguka nao, hatimaye Rais Mwai Kibaki akautia saini tarehe 14 Januari 2013. Ndiyo Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma. Iliipa mamlaka ya usajili muda wa siku 60 kuamua ombi, ikaweka mahakama maalumu ya malalamiko, ikaanzisha shirikisho jipya badala ya Baraza.

Kilichobaki kilikuwa tangazo la waziri kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kutaja siku ya kuanza. Badala ya tangazo, Oktoba mwaka huo ulikuja mswada wa marekebisho. Kifungu kimoja kilitaka shirika lisipokee kutoka nje zaidi ya asilimia 15 ya fedha zake. Chukua kliniki yenye bajeti ya shilingi milioni 10 kwa mwaka, inayowapa dawa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kwa hesabu hiyo, mfadhili wa nje angeruhusiwa kutoa milioni moja na nusu. Milioni nane na nusu zingetafutwa nyumbani, vinginevyo milango ifungwe.

Muungano ulifanya kazi ya 1991 upya, ila sasa hoja haikuwa haki za mashirika. Ilikuwa wagonjwa na wanafunzi, kaunti kwa kaunti, mbunge kwa mbunge. Mnamo Desemba 2013 Bunge liliyatupa marekebisho hayo.

Ushindi ulikuwa wa kweli, lakini haukuwa kamili. Kuzuia kifungu kibaya na kuisukuma serikali itekeleze kilicho kizuri ni kazi mbili tofauti. Desemba 2014 Bodi ya zamani ilitangaza kufuta mashirika zaidi ya 500. Oktoba 2016 Mahakama Kuu iliamuru tarehe ya kuanza sheria mpya itangazwe, na mwaka uliofuata ikabidi wadai warudi mahakamani kwa sababu amri haikutiiwa. Agosti 2017, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika lisilo la serikali licha ya jina lake, ilitangaziwa kufutwa kwa sheria ileile ya 1990. Ilikuwa hadi tarehe 14 Mei 2024 ndipo sheria ya 2013 ilipoanza kutumika. Tangu saini ya Kibaki ilikuwa imepita miaka 11 na miezi minne.

Ukiitazama historia hii yote, mwavuli ulikuwa na nguvu mara mbili, 1991 na 2013. Mara zote mbili mashirika hayakulazimishwa na yeyote kukusanyika. Yalikuja kwa hiari, yakiwa na hati iliyoandikwa vizuri na mifano ambayo mbunge wa kijijini angeielewa. Baraza lililokuwa na muhuri wa sheria ndilo lililoporomoka kwa kukosa wenye kulijali.

Shirikisho jipya linaanza likiwa na muhuri huohuo. Kwa hiyo neno ni kwa kikundi cha akina mama, kituo cha walemavu na shirika la vijana lenye chumba kimoja: lipeni ada, nendeni kwenye mkutano mkuu, someni hesabu za viongozi wenu na kuwauliza maswali wakati huu ambapo hakuna mswada mbaya mezani. Mswada ukishafika Bungeni, muda wa kufahamiana huwa umekwisha.