Mafuta ya Zaituni ya Kupaka Mkate Badala ya Siagi: Faida Zake na Hukmu Yake

BismiLlaahir-Rahmaanir-Rahiym

Katika nyumba nyingi za visiwani kwetu mkate wa asubuhi hupakwa siagi. Anapotokea mzee au mama mwenye maradhi ya moyo akashauriwa na daktari apunguze siagi, familia hununua kopo lenye picha ya zaituni na kudhani kuwa jambo limekwisha. Lakini hapa yapo maswali mawili: je, ni bora kwa afya? Na je, ni halaal? Jibu la moja halitoshelezi la pili.

Siagi yenyewe ni halaal

Asiharamishe mtu alichohalalisha Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa). Imepokewa kwa Abuu Daawuud na Ibn Maajah kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikaribishwa siagi na tende, naye alikuwa akivipenda. Zaituni nayo ina cheo chake: mti wake umetajwa kuwa umebarikiwa katika Suurat An-Nuur, Aayah ya 35, na katika Hadiyth iliyopokewa na At-Tirmidhiy tumehimizwa kula mafuta yake na kujipaka. Kwa hiyo kuacha siagi ni suala la afya na kipimo, si suala la halaal na haraam.

Tofauti yao kiafya

Takriban nusu ya uzito wa siagi ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha lehemu mbaya katika damu. Katika mafuta ya zaituni ni kiasi cha asilimia 14 tu, na sehemu kubwa iliyobaki ni mafuta yasiyoshiba, yenye manufaa kwa moyo. Kijiko kimoja kikubwa cha siagi kina gramu 7 hivi za mafuta yaliyoshiba. Cha mafuta ya zaituni kina gramu 2 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, nayo ni kama gramu 22 kwa mtu anayekula kalori 2,000.

Hata hivyo, mafuta ya zaituni hayapunguzi unene. Kijiko chake kina kalori 120 hivi, zaidi ya kijiko cha siagi.

Kilichomo ndani ya kopo

Mafuta ya zaituni ni majimaji, hayagandi kama siagi. Ili yapakike, kiwanda huyachanganya na maji, mafuta mengine kama ya alizeti, na mafuta magumu, mara nyingi ya mawese. Pengine zaituni iliyomo ni sehemu ndogo tu. Basi geuza kopo usome:

1. Asilimia ya mafuta ya zaituni. Vilivyomo huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi.
2. Mafuta yaliyoshiba katika kila gramu 100. Linganisha na siagi, ambayo ina gramu 50 hivi.
3. Mafuta yaliyogandishwa kwa haidrojeni. Ukiyaona, liache kopo hilo, kwani yanaweza kuwa na mafuta ya transi ambayo ni mabaya zaidi kwa moyo.
4. E471 na jelatini.

Hukmu ya E471 na jelatini

E471 huunganisha maji na mafuta yasitengane. Hutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama, na namba peke yake haisemi ni yapi. Ikiandikwa kuwa ni ya mimea, au kopo lina alama ya halaal ya taasisi inayoaminika, hakuna tatizo. Ikijulikana kuwa imetokana na nguruwe, haifai kuliwa. 'Ulamaa wamekhitalifiana kuhusu kitu kilichobadilika kabisa kutoka asili yake, lakini kujitoa katika khilafu hiyo ni salama zaidi. Ikiwa asili haijulikani, ni katika mambo yenye shaka, na tumefundishwa kuwa mwenye kuyaepuka huisalimisha Dini yake. Jelatini, inayotiwa katika baadhi ya makopo yenye mafuta machache, hutokana na wanyama. Asili yake isipobainishwa, iache.

Njia nyepesi nyumbani

Kopo la dukani si lazima. Chovya mkate katika mafuta ya zaituni, kama wafanyavyo watu wa Shaam. Au lainisha siagi, changanya na mafuta ya zaituni kwa vipimo sawa, kisha weka katika friji. Itapakika vizuri, na mafuta yaliyoshiba yatashuka kutoka nusu hadi karibu thuluthi. Wala familia isijikalifishe kwa bei ya zaituni: kupaka siagi kidogo nako kunasaidia.

Mwenye maradhi afuate ushauri wa daktari wake, na sote tukumbuke katazo la israfu katika Suurat Al-A'raaf, Aayah ya 31.

Wa-Allaahu A'lam.